SOMO LA KIKUNDI: UPEPO WA JUA NA MLANGO WA NGAO YA DUNIA

Somo la mara hii ni tofauti kidogo na yale mliyozoea. Halihusu mbolea ya mboji, wala mbuzi wa maziwa, wala jinsi ya kuandika kitabu cha akiba. Linahusu jambo linalotendeka kilomita elfu sitini hivi juu ya vichwa vyetu. Lakini msiruke ukurasa. Habari za jambo hilo la mbali ziliwahi kuua kuku wa watu hapa kwetu, na hivi punde tutawaeleza zilivyowaua.

Lengo la somo: Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze kumweleza jirani dhoruba ya jua ni nini, mlango wake unafunguka vipi, na ni nini inachoweza na isichoweza kutufanyia.

Muda: Saa mbili. Mnaweza kuligawa katika mikutano miwili.

Vifaa: Sumaku ya spika ya redio iliyoharibika, sindano ya kushonea, beseni la plastiki lenye maji, kipande kidogo cha jani kavu, karatasi nyeupe, vumbi la chuma kutoka kwa fundi wa kuchomelea, chaki, na vipande viwili virefu vya mpira wa tyubu ya baiskeli.

1. KILICHOTUFANYA TUANDIKE SOMO HILI

Mwezi wa Mei 2024 meseji zilizunguka kwenye simu za watu wengi. Zilisema dhoruba kubwa inakuja kutoka kwenye jua, eti watu wazime simu usiku, wasilale nazo karibu, na eti pesa zilizo kwenye simu zitafutika. Ndani ya meseji hizo kulikuwa na neno moja la kweli: dhoruba ilikuwepo. Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku kubwa kuliko zote tangu mwaka wa 2003. Mengine yalikuwa ya kuongezea chumvi.

Kikundi kimoja cha wamama tunachokitembelea kilitupigia simu asubuhi hiyo. Katibu alituuliza, "Mwalimu, hii maneno ya jua ni ya kweli?" Tulikuwa na haraka. Tulimjibu, "Hayo ni mambo ya wazungu na maroketi yao, achaneni nayo." Tukakata simu.

Mchana wake kijana mmoja akapita na stika ndogo za kung'aa. Alisema ukiibandika nyuma ya simu, miale haiingii. Bei ilikuwa shilingi 200. Yeye hakukata simu. Aliketi na wamama chini ya mwembe, akawasikiliza, akawajibu kila swali, ijapokuwa kwa uongo. Wanachama 22 walinunua, na kwa kuwa wengi hawakuwa na pesa mkononi, mweka hazina alifungua sanduku. Shilingi 4,400 zikatoka. Zilikuwa pesa za chanjo ya kideri.

Mwezi wa saba kideri kikaingia kijijini. Mama mmoja mzee alipoteza kuku wote 14 aliokuwa nao. Tulipoenda kumpa pole alitwambia maneno ambayo hatujayasahau: "Watoto wangu, mimi niliuliza kwanza. Niliuliza kabla ya kulipa."

Ndugu wasomaji, alisema kweli. Kosa lilianza kwetu. Mtu akiuliza swali na mwenye elimu kidogo akalidharau, ataenda kwa mwingine mwenye jibu, hata kama jibu hilo linauzwa. Basi tulimwendea mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari, tukaketi naye jioni kadhaa mpaka tukaelewa. Hili ndilo jibu tulilopaswa kutoa siku ile.

2. DUNIA YETU NI SUMAKU

Zoezi la kwanza. Mwezeshaji aweke sumaku ya spika mezani na karatasi nyeupe juu yake. Anyunyize vumbi la chuma polepole, huku akigonga karatasi kwa kidole. Kila mtu asogee aangalie. Vumbi halilali ovyo. Linajipanga kwa mistari iliyopinda, kama nywele zilizochanwa. Eneo lile ambamo nguvu ya sumaku inafika tunaliita uga wa sumaku, jinsi nyumba inavyokuwa na uga wake. Mistari ile inatuonyesha nguvu inaelekea wapi.

Zoezi la pili. Sugua sindano kwenye sumaku mara thelathini hivi, ukielekea upande mmoja tu. Ilaze juu ya kipande cha jani, uiweke ielee kwenye beseni. Tumesema beseni la plastiki, kwa sababu karai la chuma litaivuta sindano na kuharibu zoezi. Ondoa ile sumaku ya spika mbali kabisa. Sindano itageuka polepole na kutulia ikielekea kaskazini na kusini. Mgeuze mtakavyo, itarudi pale pale.

Ni nani anayeigeuza? Ni dunia yenyewe. Kama kilomita 2,900 chini ya miguu yetu kuna chuma kilichoyeyuka, kinachozunguka na kuchemka kama uji mzito. Mwendo wa chuma hicho unazaa umeme, na umeme unazaa sumaku. Uga wa sumaku hiyo unatoka nje ya ardhi na kupanda hadi angani, mbali sana. Hiyo ndiyo ngao ya dunia.

3. UPEPO UNAOTOKA KWENYE JUA

Tunajua jua hutupa mwanga na joto. Lakini jua pia hutoa upepo. Mwaka wa 1958 Mmarekani Eugene Parker aliandika kwamba lazima jua linapuliza vitu vyake nje mchana na usiku. Wataalamu wengi hawakumkubali. Miaka michache baadaye vyombo vilivyorushwa angani vikaukuta upepo huo, na Parker akaonekana kuwa alisema kweli.

Upepo huu haufanani na ule unaong'oa mabati. Umefanywa na chembe ndogo mno zenye umeme, zinazoitwa protoni na elektroni. Chukueni kisanduku cha sentimita moja kila upande: ndani yake, huko angani karibu na dunia, kuna chembe chache tu, kama tano au kumi. Hauwezi kupeperusha hata unyoya. Lakini mbio zake! Kwa kawaida huenda kilomita 400 hivi kwa kila sekunde moja. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa kabla hujamaliza kupiga chafya. Hata hivyo, kwa kuwa jua liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu, upepo huo huchukua siku nne hivi kufika. Jua likilipuka na kurusha wingu kubwa la chembe hizo, wingu laweza kufika kwa siku mbili au hata chini yake.

Jambo moja msilisahau, maana ndilo kiini cha somo: upepo wa jua hauji mikono mitupu. Unabeba sumaku. Umekokota mistari ya sumaku ya jua lenyewe, na mistari hiyo huelekea huku na huku. Saa nyingine inaelekea kaskazini, saa nyingine kusini.

4. MAHALI WANAPOKUTANA

Upepo ukifika karibu na dunia unakuta ngao. Chembe zenye umeme hazivuki mistari ya sumaku kirahisi, kwa hiyo upepo unapinda na kupita kando, kama maji ya mto yanavyopita kando ya jiwe. Upande unaotazama jua, mpaka kati ya upepo na ngao uko kilomita 60,000 hivi kutoka kwetu. Upepo ukisukuma kwa nguvu, mpaka unarudi nyuma. Ukilegea, unasonga mbele. Upande wa pili, ule wa usiku, ngao inavutwa na upepo na kuwa mkia mrefu unaopita mbali kuliko mwezi.

Zamani mtu angefikiri hivi: basi ngao ikiwa nzima, tuko salama, na upepo ukiwa mkali sana ndio utaivunja. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofikiri juu ya ua la boma: ng'ombe mkubwa atalivunja, mbuzi hawezi. Lakini ngao ya dunia haifanyi kazi kama ua. Ina mlango, na mlango huo hufunguliwa hasa na mwelekeo wa sumaku iliyobebwa na upepo.

5. MLANGO UNAFUNGUKA VIPI?

Zoezi la tatu. Hili ndilo kubwa, na vijana watalipenda.

Watu wanne wajitokeze. Wawili washike mpira wa kwanza, mmoja kila upande, wauvute. Wawili wengine washike mpira wa pili vivyo hivyo, chini ya ule wa kwanza, nafasi ya kiganja kimoja katikati. Mpira wa juu ni mstari wa sumaku uliokuja na upepo wa jua. Mpira wa chini ni mstari wa sumaku ya dunia.

Sasa chora mishale kwa chaki. Mpira wa juu, mishale yote ielekee kulia. Mpira wa chini, mishale yote ielekee kushoto. Yaani mistari hii miwili inaelekea kinyume.

Legezeni mipira. Mwezeshaji aikate yote miwili katikati. Halafu aunganishe hivi: ncha ya kushoto ya mpira wa juu aifunge na ncha ya kushoto ya mpira wa chini. Na ncha za kulia vivyo hivyo. Zamani tulikuwa na mpira wa juu na mpira wa chini. Sasa tuna mpira wa kushoto na mpira wa kulia, na kila mmoja umekunjwa kama kipini cha nywele.

Fuateni mishale kwa kidole. Kwenye mpira wa kushoto, mishale inaingia kutoka juu, inapinda pale kwenye fundo, na kutokea chini bila kugongana. Kwenye mpira wa kulia ni hivyo hivyo. Njia imenyooka.

Sasa mtu wa tano na wa sita washike yale mafundo mawili pale katikati, na wale wanne wavute nje. Angalieni macho yenu! Hesabuni moja, mbili, tatu, waachie. Mafundo yanaruka, moja kushoto, moja kulia, kama jiwe kutoka kwenye manati.

Hapo mmeona kwa mikono yenu jambo ambalo wataalamu wanaliita kuunganika upya kwa mistari ya sumaku. Mistari miwili iliyoelekeana kinyume inakaribiana mpaka inakatika na kuungana na mwenzake. Nguvu iliyokuwa imehifadhiwa katika kule kunyooshwa inafunguliwa kwa ghafla, na inarusha chembe pande mbili kwa kasi kubwa.

Jaribuni tena, lakini mara hii mishale ya mipira yote miwili ielekee kulia. Mkiunganisha ncha za kushoto, mishale inagongana uso kwa uso pale kwenye fundo. Haiwezekani kuungana. Mlango umefungwa.

Tahadhari: mistari ya sumaku si mipira ya kweli, huwezi kuishika. Ni njia ya kuonyesha nguvu inaelekea wapi. Lakini mfano huu unatufikisha mbali.

Huko angani, upande unaotazama jua, mistari ya dunia inaelekea kaskazini, kama sindano yetu kwenye beseni. Upepo wa jua ukija na mistari inayoelekea kaskazini, pale mbele mlango unabaki umefungwa kwa sehemu kubwa. Upepo ule ule, hata kwa mbio zile zile, ukija na mistari inayoelekea kusini, mlango unafunguka. Mstari ambao ulitoka duniani na kurudi duniani sasa una mguu mmoja kwetu na mguu mwingine uko nje kwenye upepo. Nguvu za jua zimepata njia ya kuingia.

6. BAADA YA MLANGO KUFUNGUKA

Ile mistari yenye mguu mmoja nje inakokotwa na upepo, inapita juu ya ncha za dunia na kurundikana nyuma kwenye mkia. Mkia unajaa nguvu kama gunia linaloshindiliwa. Mwishowe huko nyuma nako mistari ya juu na ya chini inakaribiana, inaungana upya, na manati inafyatuka mara ya pili. Chembe zinarushwa kuelekea duniani.

Zikigonga hewa ya juu karibu na ncha za dunia, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, hewa inawaka rangi ya kijani na nyekundu. Watu wa Norway, Canada na Alaska huziona nuru hizi mara nyingi, kama mapazia yanayopepea usiku. Dhoruba ikiwa kubwa sana nuru hushuka mbali zaidi. Mwezi ule wa Mei 2024 zilionekana hata Mexico.

7. WAMEJUAJE HAYO YOTE?

Aliyewaza kwanza kwamba mlango wa ngao unafunguliwa namna hii ni Mwingereza James Dungey, mwaka wa 1961. Alikuwa na kalamu na hesabu tu. Kwa miaka mingi vyombo vya angani vilileta dalili kwamba alisema kweli, lakini mahali penyewe pa kuunganika ni padogo na mpaka unasogea kwa kasi, kwa hiyo chombo kilipita kabla ya kupima vizuri.

Machi 2015 Marekani ilirusha vyombo vinne kwa pamoja, vinavyoitwa MMS, ili vipite katika mpaka huo vikiwa vimejipanga kama mawe matatu ya jiko na sufuria juu yake. Tarehe 16 Oktoba 2015 vilipita ndani kabisa ya mahali mistari inapoungana. Viliweza kupima elektroni mara zaidi ya thelathini kwa kila sekunde, na vikaona jinsi zinavyorushwa. Dungey aliwaza mwaka wa 1961, na mwaka wa 2015 mlango wenyewe ukapimwa kutoka ndani. Ni miaka 54! Na kazi haijaisha: Julai 2025 vyombo viwili pacha, TRACERS, vilirushwa kuchunguza jinsi mlango unavyofunguka na kufungika.

Pia kuna vyombo vya ulinzi. Viko kilomita milioni 1.5 mbele ya dunia, upande wa jua, kama mtoto aliyewekwa kilimani kuangalia mgeni anayekuja. Vinapima mbio za upepo na mwelekeo wa sumaku yake. Kutoka hapo upepo huchukua nusu saa hadi saa moja kutufikia. Kwa hiyo wataalamu wanaweza kuliona wingu likitoka kwenye jua siku mbili kabla, lakini kama mlango utafunguka kweli, mara nyingi wanajua saa moja tu kabla. Anayewaambia wiki mbili mapema kwamba "usiku wa tarehe fulani dhoruba itaunguza simu" anasema asilolijua.

8. MADHARA YA KWELI

Tusije tukaenda upande wa pili na kusema dhoruba za jua ni hadithi. Hapana. Zina madhara, na tuyajue yalivyo.

(a) Stima. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba kubwa ilifanya umeme utembee katika nyaya ndefu za jimbo la Quebec, nchini Canada. Mtambo wote wa jimbo ulizimika kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Watu milioni sita walikaa gizani kama saa tisa. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Sisi tuko kwenye ikweta. Stima ikipotea kijijini, kwanza ulizeni habari za transfoma na nguzo.

(b) Setilaiti. Februari 2022 setilaiti 49 za Starlink zilirushwa, na siku iliyofuata dhoruba ikapasha joto hewa ya juu, ikavimba na kuzikwamisha. Hadi 40 kati yake zilipotea. Wala haikuwa dhoruba kubwa.

(c) GPS. Hii ndiyo inatugusa. Mawimbi ya GPS hupita katika tabaka la juu la hewa lenye umeme, na dhoruba hulivuruga tabaka hilo. Mei 2024 wakulima wa Marekani waliokuwa wakipanda kwa trekta zinazoongozwa na GPS ilibidi wengine wasimame, kwa sababu mistari ilikwenda kombo. Sisi hatuna trekta hizo, lakini siku hizi masavea wengi hupima mashamba kwa mashine ya GPS. Eneo letu la ikweta tabaka hilo huwa na vurugu hata bila dhoruba kubwa, hasa baada ya jua kuzama. Savea akiwaambia, "Leo mashine inayumba, tungoje kesho," msimlazimishe apige bikoni. Bikoni iliyopigwa vibaya huzaa kesi ya miaka.

(d) Redio za masafa marefu, zile za meli na ndege, nazo huweza kupoteza sauti.

9. YASIYO YA KWELI

Dhoruba ya sumaku haiunguzi simu iliyo mfukoni. Umeme wake unahitaji nyaya za kilomita nyingi ili ukusanyike. Simu ni ndogo mno. Stika ile haikuzuia kitu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzuiwa.

Haifuti pesa za simu. Pesa hizo hazikai ndani ya simu yako. Hesabu yake iko kwenye kompyuta za kampuni. Mtandao ukipotea, unangoja urudi.

Haimdhuru mtu aliye ardhini. Hewa iliyo juu yetu ni blanketi nene, na chembe zile zinaishia huko juu.

Na haileti mafuriko. Watu wengi walituuliza hili, kwa sababu Mei 2024 nchi yetu ilikuwa katika majonzi ya mafuriko. Kumbukeni tarehe: mvua kubwa zilikuwa zimeua watu tangu Aprili, na dhoruba ilikuja tarehe 10 Mei. Mtoto hazaliwi kabla ya mama yake. Upepo wa jua ni jina tu. Hauna mvua wala mawingu.

10. MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni watu watano watano. Kila kikundi kidogo kichague mtu wa kutoa ripoti.

1. Mweleze mwenzako, bila kuangalia karatasi, kwa nini upepo wenye mbio zile zile huingia siku moja na siku nyingine hauingii.

2. Ni meseji gani za kutisha mmewahi kupokea kwenye simu? Nani alifaidika mlipoogopa?

3. Wamama wale waliuliza kwanza, wakadharauliwa. Katika kikundi chetu, ni maswali ya nani tunayacheka?

4. Je, sheria zetu zinamruhusu mweka hazina kufungua sanduku siku hiyo hiyo kwa ajili ya muuzaji aliyepita njiani? Tufanye nini?

Maazimio: Kila kikundi kiandike jambo moja kitakalobadilisha kabla ya mkutano ujao. Kwa mfano, wale wamama wamekubaliana kwamba pesa za sanduku hazitoki mpaka usiku mmoja upite na watu watatu waweke sahihi. Tena wanaandika kila shilingi kwenye daftari, hata ile iliyoingia kwa simu, ili mtandao ukipotea hesabu ibaki.

TUKUMBUKE

Dunia ni sumaku, na sumaku hiyo ni ngao yetu.
Upepo wa jua huja kila siku, nao hubeba sumaku yake.
Sumaku hizo mbili zikielekeana kinyume, mistari inakatika na kuungana upya, na mlango unafunguka.
Madhara yake ni kwa nyaya ndefu, setilaiti, GPS na redio. Kuku wetu, simu zetu na pesa zetu haviguswi.

Baada ya kulifanya somo hili na kikundi kile, yule mama mzee aliomba ashike mpira mmoja mwenyewe. Manati ilipofyatuka alicheka sana, kisha akanyamaza, akasema, "Kumbe ndiyo hii. Mngenionyesha siku ile." Hatukuwa na la kujibu. Kikundi kilimpa vifaranga sita waanze naye upya, na mara hii wote wamechanjwa.

Mkiwa na swali ambalo mnaona haya kuliuliza, tuandikieni au mtungoje siku ya kutembelea. Hatutakata simu tena.